Aliyeitikia Asubiri

Jumatatu, 27 Novemba 1961

Mvua. Sare yangu haikukauka, nimeivaa hivyo hivyo, inanuka moshi wa jiko la mama. Na leo amekufa mtu mikononi mwangu — hapana, si mikononi. Kwenye benchi. Ningemshika mikono huenda asingekufa.

Niandike. Nisipoandika sitalala.

Asubuhi lori lilipinduka kule Igoma kwa utelezi, likiwa limebeba watu na magunia ya viazi. Wakaletwa wote kwa mpigo, wenye damu na wenye matope, chumba cha majeruhi kikajaa mpaka barazani. Daktari Mayala yuko peke yake tangu yule daktari wa Kizungu afunge mizigo yake arudi kwao. Wanaopokea ni mimi na muuguzi mwenzangu Odeta tu. Basi nikafanya ninavyofanya siku zote wagonjwa wakizidi: nikapita nikiwasalimu. Shikamoo, shikamoo, hujambo, habari za huko. Anayeitikia ana akili yake na pumzi yake — asubiri. Asiyeitikia, kwa daktari upesi. Hakuna aliyenifundisha, nimejitungia mwenyewe. Odeta hunitania eti mimi ni daktari wa shikamoo. Na mimi nilikuwa naona fahari!

Kulikuwa na mzee mmoja, Malimi, mfugaji wa upande wa Magu. Hana jeraha la kuonekana, mchubuko tu ubavuni. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa? Poleni na kazi." Pole katupa sisi! Nikamwambia akae kwenye benchi, akakaa. Akaomba maji, nikasema ngoja kidogo, baba. Akaomba tena, kwa adabu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Pembeni kijana aliyevunjika mkono anapiga mayowe, anamwita mama yake, anamwita Mungu, anamwita utingo wa lori. Nikamkimbilia huyo. Nani asingemkimbilia?

Nilipogeuka mzee kaegemea ukuta, fimbo yake ya kuchungia iko magotini. Nikamwambia zamu yako, baba. Kimya.

Daktari akampapasa tumbo. Limejaa, limekaza. Bandama imepasuka, akasema, damu yote imeishia ndani. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Jumanne, 28 Novemba

Wanawe wamekuja kuchukua maiti. Mkubwa anaitwa Nkwabi, mrefu, miguu mitupu, kofia kaishika mkononi. Nilijificha chumba cha bandeji, akanifuata huko huko. Kumbe kaambiwa mimi ndiye niliyeongea na baba yake mwisho. Nikasema leo yamenifika. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili — akanishukuru! Baba yao hakufa kama mbwa njiani, akasema kwa lafudhi yake ya Kisukuma, alikufa ameamkiwa. "Asante sana, dada, kwa kumsarimia mzee wetu."

Akaongeza la pili, na hilo ndilo limenimaliza. Mzee wao hata angekatwa kichwa, kichwa kingeitikia. Kwao asiyeitikia salamu ni mtu wa kinyongo, au mchawi, na hakuna mzee anayekubali kuondoka duniani na sifa hiyo. Kasema hivyo kwa fahari huku machozi yanamtoka.

Kama kwamba mimi sijui! Nimezaliwa hapa hapa mjini, Mirongo, sikuzaliwa Ulaya. Baba yangu mwenyewe yuko hivyo hivyo, aliwahi kunichapa kwa kumpita jirani bila kumwamkia. Salamu ya watu wetu haitoki kichwani, inatoka yenyewe. Na hiyo ndiyo niliyoifanya kipimo, mimi mjinga.

Sikumwambia Nkwabi kitu. Nilisema poleni tu, basi.

Jumatano, 29 Novemba

Daktari katuita mimi na Odeta kabla ya zamu. Nikajua nafukuzwa. Akatuketisha kwenye viti — sisi viti, yeye kasimama. Ni kijana tu, juzi juzi kashuka meli kutoka Makerere, lakini ana uso wa mtu asiyelala. Akasema kosa ni lake pia, kwa kuwa hakuwahi kutufundisha.

Jambo lenyewe linaitwa shoku. Damu ikipungua, mwili unakuwa bahili. Unainyima ngozi, unainyima mikono na miguu, ili moyo na kichwa vipate. Kichwa ndicho cha mwisho kukosa. Kwa hiyo mtu anaongea vizuri, anaitikia, anakupa pole, na huku amekwisha nusu. Hata presha inajikaza, haishuki mpaka mambo yameharibika. Ukingoja ishuke umeshachelewa. Shikeni mikono, akasema. Ikiwa ya baridi na imelowa jasho wakati hali ya hewa si ya joto, na mshipa unakwenda mbio lakini mwembamba kama uzi, na mtu hatosheki na maji — huyo ndiye wa kwanza, hata kama anacheka. Anayepiga mayowe ana damu ya kupigia mayowe.

Odeta akauliza habari ya rangi, maana kitabu chetu kinasema mgonjwa anakuwa mweupe. Daktari akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kitabu kiliandikiwa ngozi nyingine, akasema. Sisi tutazame ulimi, ndani ya kope, na viganja.

Na akichanganyikiwa? nikauliza mimi. Akichanganyikiwa, akaanza kukuona wewe ni mtu mwingine, ujue hata kichwa kimeshanyimwa. Hapo ni damu upesi, au basi tena.

Halafu akalalamika juu ya matofali tunayoinulia miguu ya kitanda upande wa nyayo ili damu ya mgonjwa irudi kichwani. Yamelika, kitanda kinayumba. Nikasema hilo niachie mimi, baba yangu ni fundi mawe.

Ijumaa, 1 Desemba

Baba kanichongea mawe mawili ya kitanda. Nilitaka mawe tu, yeye kayanyoosha pembe, kayapiga tindo mpaka yamekuwa laini, na juu kayachimba vishimo ili miguu ya kitanda isiteleze. Nikasema baba, ni ya hospitali, nani atayaona? Mgonjwa naye asilale juu ya kazi mbovu, akasema. Huyo ndiye Muhidin mpasua mawe.

Ila ananitia hofu. Kamati ya sherehe za Uhuru imempa kazi ya kuchonga kitako cha mlingoti wa bendera, na jiwe analotaka yeye liko juu kabisa mlimani, eti lina rangi nzuri. Anawasha moto juu ya jabali, likishika joto analimwagia maji, linapasuka pale alipotaka yeye. Kazi ya maisha yake, sikatai. Lakini mvua hii! Udongo umelainika, majabali yamekaa kama meno ya kizee. Mama kamsihi achukue jiwe la bondeni. Baba: Uhuru hauji mara mbili, Bi Mwanaheri.

Wakati wa kula nikaeleza habari ya damu. Hospitali haina akiba, damu inatoka kwa ndugu wa mgonjwa, na ndugu wakisikia sindano wanakimbia, wanasema ni mumiani, wanyonya damu. Mdogo wangu Jumbe, na shati lake la kijani la vijana wa chama, akasema yeye yuko tayari kumwaga damu kwa ajili ya Tanganyika. Nikamwambia vizuri, njoo kesho, sindano moja tu. Akasema hayo ni mambo mengine. Baba alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Jumapili, 3 Desemba

Leo nimepata kitu!

Kuwasalimu watu siwezi kuacha, nitakuwa mnyama. Basi nawaamkia, lakini nawashika mkono kwa mikono yote miwili kama mtoto mwenye adabu, na kidole changu kimoja kiko kwenye mshipa. Wao wanaona heshima, mimi nasikiliza damu. Bibi mmoja kanisifu mbele ya matroni, eti nimelelewa.

Mchana kaletwa mama wa Ukerewe, Wilhelmina, kateleza gatini kaangukia ukingo wa mtumbwi kwa tumbo. Anatabasamu. Anasema hana neno, apewe dawa ya maumivu arudi, ana watoto. Mkono wake nikaushika — samaki! Baridi, mbichi. Mshipa mbio. Sikungoja presha, nilimwita daktari kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Ilemela. Miguu ya kitanda ikapandishwa juu ya mawe ya baba, mume wake akatoa damu bila ubishi, wakampeleka kupasuliwa. Jioni hii kafumbua macho, kauliza watoto wamekula nini.

Nililia chooni. Kwa nini si Jumatatu? Kwa nini mzee Malimi awe ndiye wa kujifunzia?

Jumatano, 6 Desemba

Mvua. Ziwa limepanda, limeingia sokoni. Sina nguvu ya kuandika. Baba kapanda mlimani tena na kikohozi chake. Mji mzima unapaka chokaa na kufunga makuti na bendera ndogo ndogo. Sioni furaha, sijui nina nini.

Ijumaa, 8 Desemba

Baba.

Asubuhi, kabla ya sala ya Ijumaa. Nilisikia mkokoteni barazani na watu wanasema pole mzee, pole mzee. Nikatoka na sufuria la pamba mkononi. Baba kalazwa juu ya gunia, kofia yake kichwani, imenyooka. Kitako cha mlingoti alishakimaliza na kukishusha tangu juzi. Alirudi mlimani leo kuchukua nyundo zake tu! Nyundo! Udongo ukaachia, jiwe likabingirika likambana nyongani juu ya jiwe jingine. Wenzake wamemchomoa, wamemshusha mlima, wamepita naye mji mzima. Na njia nzima — wamenihadithia wenyewe kwa kumsifu — aliamkiwa na kila mtu, na hakuna aliyekosa jibu lake.

Nikaweka sufuria chini. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu, usishtuke, ni nyama tu imechubuka.

Nikamshika mkono kwa mikono miwili. Mkono wa baba! Umekaa kwenye moto na mawe miaka yote, sijapata kuugusa ukawa baridi. Leo ulikuwa baridi na maji maji, na mshipa ule mwembamba ule ule. Naye ananitabasamia. Nikajua. Wote pale hawakujua, walikuwa wameshaanza kuzungumzia sherehe. Mimi nilijua, na kujua kwenyewe hakukunisaidia kitu.

Nikataka kutazama nyonga. Akashika msuli aliovaa kwa mikono yote miwili, akasema, Sihaba mwanangu, huko si kwa binti yangu kutazama. Nimewavua wanaume wangapi hapa! Lakini nilirudi nyuma, kweli, miguu ilirudi yenyewe. Daktari ndiye aliyetazama. Mfupa wa nyonga umevunjika, damu inavujia ndani, mahali pasipofikiwa na kisu. Tumemfunga shuka kiunoni na kuikaza kwa nguvu zetu zote mpaka baba akasema Ya Rabi. Miguu ya kitanda imepandishwa juu ya mawe. Kayatambua, kageuza kichwa kutazama. Yamekaa sawa? kaniuliza. Yamekaa sawa, baba.

Dripu ya maji ya chumvi inaingia. Maji si damu, kasema daktari, tunajaza mtungi uliotoboka. Watu wa maabara wamepima: baba ni kundi O, hapokei damu nyingine yoyote. Nilishakunja mkono wa sare, wakaniambia mimi nina ya mama. Nina ya mama! Daktari naye si hiyo. Odeta naye si hiyo. Wale waliosukuma mkokoteni, mmoja alipimwa haikufaa, waliobaki sikuwaona tena. Mmoja nilimkamata getini, akaniambia dada, mzee Muhidin nampenda, ila mumiani hana rafiki.

Nikamtuma Odeta amtafute Jumbe. Alikuwa uwanjani anafanya gwaride. Aliingia na vumbi la chokaa kwenye viatu, akamwona baba, akamwona na yule mtu wa maabara na sindano yake. Uso ukawa wa majivu. Nikasema Jumbe, ile damu ya Tanganyika, leo ndiyo leo. Sikutaka kumkejeli, maneno yalinitoka. Akakaa. Akafumba macho, akatoa mkono, meno yanagongana. Inafaa! Ni O!

Chupa imeingia yote. Jioni hii mkono umepata joto kidogo, na mshipa umepunguza mbio. Mama kaja na uji, kakaa chini na tasbihi yake. Baba kamwuliza kama amefunga mlango wa nyuma. Daktari hakusema amepona. Kasema tu, tungepata na ya pili.

Jumbe hawezi kutoa tena, kalala barazani kwenye mkeka, kizunguzungu. Nimemfunika kwa koti langu.

Jumamosi, 9 Desemba

Uhuru.

Asubuhi imeamka bila mvua, kwa mara ya kwanza sijui tangu lini. Ngoma zinasikika kutoka uwanjani, na tarumbeta. Bendera imesimama juu ya kitako cha baba, Odeta kaiona alipokuja kazini. Inapendeza, kasema. Nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia.

Kuanzia alfajiri baba anarudi nyuma. Mkono umeanza tena ubaridi, kuanzia kwenye vidole. Kaomba maji, kaomba maji, kaomba maji. Ndani ya kope ni kama karatasi. Presha bado nzuri, alisema dresa wa zamu, yule mzee mfunga vidonda, akaandika, akaridhika. Nilimwambia aitupe ziwani presha yake. Sikustahili kumwambia hivyo, ana umri wa kunizaa. Nitamwomba radhi.

Daktari kaja, kashika mkono kama mimi, hakugusa hata kipimo. Tukatazamana. Damu, kasema. Nitaitoa wapi, daktari? Nimekwenda msikitini, nimekwenda kwa majirani. Watu wema, wamenipa dua, wamenipa sukari na mkate. Mkono hakuna aliyenipa. Leo ni sikukuu, wanasema, kesho tutakuja. Kesho!

Nilikuwa nimesimama barazani nikiutazama umati unaoshuka kwenda uwanjani, nawachukia wote, na nguo zao mpya. Mtu mmoja mrefu akajitoa kwenye umati akaja moja kwa moja kwangu, ana kuku chini ya kwapa. Nkwabi. Mtoto wa mzee Malimi. Wamekuja mjini kuona Uhuru, akaona si vizuri apite bila kumsalimu yule dada aliyemsalimu baba yake. Kuku ni wangu.

Nilishika kuku. Kwa muda kuku ndiye pekee aliyekuwa anaongea.

Halafu nikamwomba. Nikamwambia baba yangu yuko ndani, damu inamwishia, nahitaji mtu wa kupimwa, na kama inafaa, achomwe sindano, itoke chupa moja. Moyo unaniambia mwambie na lile la benchi, mwambie kwanza, ndipo aamue. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Kama angejua angeondoka na haki yake, na baba yangu angekufa. Aibu hii ni yangu, nitaibeba, lakini leo sikuweza kuitoa.

Nkwabi akauliza, mzee anaitikia salamu?

Anaitikia, nikasema. Mimi, nikasema hivyo!

Basi bado yupo, akasema, nipereke nikamwone. Akavua kofia, akaingia wodini, akainama karibu na kitanda. "Shikamoo, baba." Na baba, midomo imekauka, jasho linamtiririka shingoni, macho hayakai mahali pamoja: "Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko mtokako? Karibu, mpeni kiti."

Nkwabi alibaki ameinama vile vile. Mabega yakaanza kumtikisika. Akaniambia bila kunitazama kwamba hiyo ni sauti ya baba yake. Kisha akanyoosha mkono wake mrefu wenye kovu la pembe ya ng'ombe, akauliza chumba cha sindano kiko wapi. Mdogo wake mlangoni akamshika shati, akamwambia kwa Kisukuma neno ambalo hata mimi nalijua, mumiani. Nkwabi akalibandua shati.

Sasa yuko maabara. Wanapima kama inafaa. Odeta amesimama naye, kaniahidi kuja mbio jibu likitoka, liwe zuri au baya. Daktari ameshaiweka chupa tupu tayari.

Naandika kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mkono wa baba. Nisipoandika nitapiga kelele wodini. Mshipa siusikii vizuri. Upo — naupoteza — upo. Mama kaenda kutia udhu. Uwanjani wanaimba, wimbo mpya, sijayajua maneno yake. Baba alihangaika sana na shuka muda mfupi uliopita, akataka ashuke kitandani, eti moto umezima mlimani. Nikamrudisha. Sasa ametulia. Ametulia mno.

Nimemwambia bendera iko juu, baba. Imesimama juu ya jiwe lako. Hakuitikia. Nikamwambia tena.

Kageuza kichwa. Kanitazama kwa muda mrefu, macho ya mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani. Akajaribu kuinua kichwa kutoka kwenye mto, kwa adabu, kama anavyotufundisha tangu tukiwa wadogo kwamba mkubwa haamkiwi ukiwa umelala.

"Shikamoo, mama," akasema.

Baba. Kaniamkia mimi. Ananiona mimi ni bibi, mama yake, aliyekufa kabla sijazaliwa.

Nasikia viatu vya Odeta kwenye ukumbi. Anakuja mbio. Alisema atakuja mbio kwa vyovyote vile, kwa hiyo mbio hizo haziniambii kitu, na mlango haujafunguka bado, na baba hajaniondolea macho. Midomo yake inatikisika. Anasubiri niitikie.